Pijo Halisukumwi

“Pijo halisukumwi,” alisema Mrisho, huku akimsugua simba wa beji kwa limau na jivu. “Gari jingine lisukumwe, sina ugomvi nalo. Hili, tangu nilishike, halijaona bega la mtu.”

“Halisukumwi kwa sababu haliendi popote,” Filbert alimjibu kutoka barazani. “Mwezi mzima limekaa hapa linanenepa. Hata kuku wameshalizoea.”

Wapiga matarumbeta waliokuwa wakingoja chai yao walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mrisho hakununa. Yeye alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, Filbert Mnyamwezi wa Tabora, na mtani hanuniwi. Ukimnunia leo, siku ya msiba wako nani atawachekesha wafiwa?

“Nyinyi mnaona gari tu,” Mrisho aliendelea, akiwageukia wapiga matarumbeta. “Hawa Wafaransa hawakuanza na gari. Walianza na misumeno. Misumeno na vinu vya kusagia kahawa na pilipili manga! Simba huyu walimgonga kwenye msumeno kwanza, kuwaambia watu kwamba meno ya chuma chao ni meno ya simba.”

“Kumbe ndiyo maana ukiliwasha linakohoa,” Filbert akadakia. “Limebakiwa na pilipili manga kooni.”

“Cheka tu. Na kwenye mashindano ya Safari je? Mwaka ule wa mvua kubwa, magari yaliondoka Nairobi kundi zima, ya kila taifa. Tope likayala. Yakarudi saba. Saba, jamani! Na la kwanza lilikuwa gani?”

“Pijo!” waliitikia wote kwa pamoja, maana hakuna mtu wa mtaa ule wa Kariakoo ambaye hakuwa amekaririshwa.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Mrisho. Mtu mwenye suruali mbili za kutokea na gari moja. Siku sita za juma aliendesha lori la shirika la umma, akibeba unga kutoka ghalani kwenda kwenye maduka ya ushirika, na jioni alirudi mweupe kope hadi viatu. Pijo, namba 404, lenye mapezi mawili nyuma na gia kwenye usukani, aliachiwa na tajiri wake wa zamani, muuza vitambaa wa Mtaa wa Uhuru, alipofunga duka na kuhama nchi. Tajiri yule alimkabidhi ufunguo akalia, kisha akaenda zake uwanja wa ndege kwa teksi. Watu walisema angelia zaidi kama angejua petroli itakuja kuwa adimu kiasi gani.

Na ilikuwa adimu kweli. Ndiyo ile miaka ya baada ya vita, sabuni unaipata kwa kujuana na sukari unaisikia redioni. Serikali ikapiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana mpaka Jumatatu alfajiri. Ukikamatwa, gari linalala kituoni, na linaweza kulala mpaka likasahau nyumbani. Mrisho hakuwahi kuivunja sheria ile. Jumapili ikifika saa nane alilifunika gari lake kwa turubai, akakaa kando yake barazani akinywa kahawa.

Lakini Jumapili hii haikuwa ya turubai. Ilikuwa ya Siwema.

Siwema alikuwa binti wa marehemu Sadalla, rafiki yake Mrisho tangu utotoni. Alipokuwa na miaka mitatu, homa ya polio ilimpitia ikauacha mguu wake wa kushoto mwembamba, na baadaye akawa anatembea kwa chuma na kwa kiburi. Watoto wa mtaani walimwiga mwendo wake, na wakubwa, ambao ndio wabaya zaidi, walimwonea huruma kwa sauti. Sadalla alipofariki, ni Mrisho aliyekuwa akimpeleka Muhimbili kwenye mazoezi ya mguu. Alimpakia kiti cha mbele, dirisha wazi. Ndani ya gari miguu haionekani. Siwema alikuwa akiwapungia mkono wote waliomwiga, naye Mrisho anapunguza mwendo makusudi ili asikose hata mmoja.

“Siku ya harusi yangu, Mjomba, utanipeleka na hili?” alimuuliza siku moja, akiwa na meno ya mbele yameng’oka.

“Mpaka kizingiti cha mumeo,” Mrisho alimwambia. “Hutakanyaga barabara.”

Maneno ya kumfurahisha mtoto, ungesema. Lakini Mrisho hakujua kusema maneno ya kumfurahisha mtoto. Aliyaweka moyoni na kuyatunza kama alivyolitunza gari, na sasa Siwema alikuwa mwanamke wa ishirini na tatu, fundi wa kushona katika ushirika wa kina mama, na ndoa yake na Bakili wa Buguruni ilikuwa imefungwa asubuhi hiyo. Bakili alikwisha rudi kwao kumngoja. Mwezi mzima Mrisho alikuwa hajaliwasha gari, akitunza petroli ya safari hii moja tu. Mpango ulikuwa rahisi: watoke baada ya sala ya adhuhuri, wafike Buguruni kabla ya saa nane.

Sasa Filbert naye, kama mtani wa nyumba ile, alikuwa na haki yake. Harusi ya Wazaramo ikipita bila Mnyamwezi kufanya vituko, watu watasema kuna ugomvi. Kwa hiyo, Mrisho alipolitundika koti lake msumarini akaenda kutawadha, Filbert aliuchomoa ufunguo mfukoni. Akatazama huku na huku. Palikuwa na sinia la pilau ukumbini, limefunikwa kwa kawa jekundu. Akauchomeka chini ya kawa, akarudi barazani na uso wa mtakatifu. Nia yake ilikuwa kumlazimisha Mrisho aimbe mbele za watu ili arudishiwe ufunguo, maana Mrisho akiimba hata mbuzi huhama.

Asichojua ni kwamba sinia lile lilikuwa la wazee wa msikitini.

Sala ilipokwisha, vigelegele vikapanda. Somo wa bibi harusi, Bi Mwanamkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, alimtoa Siwema chumbani akiwa amefunikwa kanga mpya, akamvusha kizingiti kwa mguu wa kulia, akamkalisha kiti cha nyuma cha Pijo lililofukizwa udi mpaka ukipita karibu unapiga chafya. Matarumbeta yakalia. Mrisho akavaa koti, akaingiza mkono mfukoni. Akaingiza mfuko wa pili. Akarudi wa kwanza.

“Unatafuta kitu, mtani?” aliuliza Filbert.

“Filbert. Ufunguo.”

“Imba kwanza.”

Mrisho aliimba. Aliimba beti mbili za wimbo wa unyago ambao mwanamume hapaswi kuujua, watu wakashika mbavu, na ndani ya gari Siwema alicheka mpaka kanga ikamwanguka usoni. Filbert, ameridhika, akaingia ukumbini kuchukua ufunguo. Akatoka akiwa amebadilika rangi.

“Sinia liko wapi?”

“Lipi?”

“La kawa jekundu.”

“Limekwisha kwenda msikitini,” alisema Bi Mwanamkuu. “Wazee wanakula saa hizi. Kwani ulitaka pilau?”

Filbert alikuwa ameshaanza kukimbia. Lakini Filbert alikuwa Mkatoliki wa Msimbazi, na msikiti aliokuwa akiujua Kariakoo ni mmoja tu, na haukuwa huo. Alifika huko akawakuta watu wamejilalia, akawaamsha akiulizia pilau, akafukuzwa. Akaelekezwa msikiti mwingine. Alipoufikia ule wenyewe, wazee walikuwa wamezunguka sinia, na mmoja wao ameshika shavu. Alikuwa ameuma ufunguo akidhani ni mfupa wa mbuzi, na sasa aliushika mbele ya macho akijiuliza ni mnyama gani huyu.

Huku nyuma Mrisho alikuwa akitembea kutoka mbele ya gari mpaka nyuma, kutoka nyuma mpaka mbele. Jua limesimama wima. Kwa mara ya kwanza maishani alimkasirikia mtani wake, hasira ya kweli, na aliogopa kuiona ndani yake. Kila alipopita dirishani Siwema alimwambia, “Atakuja, Mjomba,” na kila aliposema hivyo moyo wa Mrisho ulizidi kumuuma, kwa sababu yeye ndiye aliyepaswa kumwambia hivyo.

Filbert alitokea pembeni ya mtaa, shati limemganda mgongoni, ufunguo juu. Na wakati uleule redio ya muuza kahawa, iliyokuwa imefunguliwa kwa sauti kubwa, ikatangaza: saa nane kamili.

Matarumbeta yalinyamaza yenyewe.

“Nisamehe, mtani,” alisema Filbert, akihema. “Wallahi nisamehe.” Hata hakukumbuka kwamba yeye ni Mkristo.

Mrisho aliuchukua ufunguo. Ulinuka iliki na karafuu. Akafungua mlango wa dereva. “Nitawasha,” alisema. “Liwalo na liwe.”

“Utawasha uende wapi?” alidakia Bi Mwanamkuu. “Pale njia panda ya Msimbazi pana askari tangu asubuhi. Watalichukua gari na bibi harusi ndani yake. Unataka mtoto akaanze fungate kituo cha polisi?”

“Basi itafutwe teksi.”

“Teksi gani? Zote ziko foleni ya petroli. Na kibali cha gari kutembea Jumapili kinatoka ofisini, na ofisi leo imefungwa.”

“Angoje mpaka kesho basi,” mtu mmoja alisema.

Bi Mwanamkuu alimtazama mpaka akajuta. “Bibi harusi akishavushwa kizingiti harudi ndani. Akirudi leo, kesho atarudi na masanduku. Nitambeba mgongoni. Bibi zetu walibebwa, wakafika.”

“Sibebwi,” ilisema sauti kutoka kiti cha nyuma.

Watu wakageuka. Siwema alikuwa ameifunua kanga. Bibi harusi hafunui uso barabarani, lakini na barabara yenyewe ilikuwa imeshakosa adabu siku ile.

“Nilibebwa mpaka nikawa na miaka saba,” alisema. “Inatosha. Nitatembea.”

“Mpaka Buguruni?” Mrisho aliuliza. “Na hicho chuma? Na watu wote hawa wakikutazama?”

“Wamenitazama siku zote.”

Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililomvunja Mrisho. Aliona barabara yote ya Uhuru, ndefu, na mtoto wa Sadalla akiipiga hatua moja nzima na moja nusu, amevaa nguo aliyoishona mwenyewe, na yeye Mrisho akitembea kando yake, gari limebaki nyumbani chini ya turubai. Alijisikia mtu mdogo kabisa.

Filbert alikohoa. “Sheria imekataza kuendesha,” alisema polepole, kama anayepima joto la uji. “Haijakataza kusukuma.”

Hata kuku waliacha kuchakura. Mtaa mzima ulimtazama Mrisho.

“Usinitanie sasa hivi, Filbert.”

“Sikutanii. Sisi tupo. Mabega tunayo.”

“Nimesema halisukumwi!” Mrisho alipaza sauti, akajishangaa. “Miaka yote hii nimesema. Mtaa mzima umenisikia. Leo, siku ya harusi, mbele ya wakwe, nilipeleke linasukumwa kama mkokoteni wa mihogo?”

Siwema alisogea dirishani.

“Mjomba,” alisema. “Lile tope la Safari. Hayo magari saba. Yalitokaje?”

Mrisho alichezea ufunguo wenye harufu ya pilau, akiugeuza na kuugeuza.

“Watu waliyatoa,” alisema hatimaye.

“Watu gani?”

“Watu tu. Wa vijijini. Wakati huo nilikuwa kijana, nafanya kibarua njia ya Morogoro. Lilikuja Pijo moja likazama mpaka kwenye taa. Tukaingia topeni, wanaume, wanawake, mpaka mwalimu wa shule na tai yake. Tukalisukuma. Lilipotoka lilitumwagia tope usoni, likaenda. Sikumbuki hata lilikuwa namba ngapi. Nilisimama pale nimejaa tope, nikasema, siku moja nitalipata hili.” Akapangusa bati kwa kiganja. “Hiyo sehemu huwa siisemi.”

“Basi na wewe umelisukuma.”

“Nimelisukuma.”

“Na likashinda?”

“Lile sijui, mama. Lakini Pijo lilishinda.”

Siwema aliirudisha kanga usoni. “Mimi nimesaidiwa maisha yangu yote, Mjomba,” alisema kutoka chini yake, “na sikufa. Twende.”

Mrisho alimpa Bi Mwanamkuu ufunguo, naye akaufunga kwenye pindo la kanga yake, akaingia akakaa kando ya bibi harusi, gari likalalia upande. Mrisho akakaa kwenye usukani. Akaweka gia huru, akaachia breki ya mkono. Nyuma yake alisikia viganja vikitua kwenye bati, kimoja, viwili, kisha vingi visivyohesabika, na alihisi kama vinamgusa yeye mgongoni.

“Mtani!” aliita Filbert kutoka nyuma. “Lina uzito wa deni hili!”

“Sukuma, Mnyamwezi! Si babu zenu walibeba pembe kutoka Tabora mpaka Pwani?”

“Hazikuwa na Bi Mwanamkuu ndani!”

Watu wakacheka, na kwa kicheko kilekile Pijo likaondoka.

Walipita mtaani kwao, wakaingia Barabara ya Uhuru, matarumbeta yakitangulia. Barabara ilikuwa tupu kwa ajili ya ile sheria, na kwa hiyo ilikuwa yao. Injini ikiwa kimya, Mrisho alisikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia ndani ya gari lile: matairi yakinong’ona kwenye lami, bangili za Siwema, mtu nyuma akisema “badilishaneni, badilishaneni.” Waliochoka walitoka, wengine wakaingia. Wauza machungwa waliacha matenga yao wakasukuma mpaka kona, wakarudi. Wanawake waliovaa nguo za kanisani walisukuma. Hakuna aliyeulizwa ni harusi ya nani.

Njia panda ya Msimbazi, askari alinyoosha mkono. Gari likasimama, kwa sababu waliolisukuma walisimama.

“Shikamoo, mzee,” alisema askari, kijana mwenye kofia iliyomzidi.

“Marahaba, afande.”

“Mzee, unajua ni saa ngapi?”

“Najua.”

Askari alizunguka akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo, kama mtu anayempima mtoto homa. Boneti ilikuwa na joto la jua tu, na chini yake hapakuwa na mtetemo wowote.

“Nani anaendesha hili gari?”

“Sisi hapa, afande!” Filbert alipaza sauti. “Injini ni sisi. Petroli yetu ni pilau, na hatukulipata.”

“Ufunguo uko wapi?”

Bi Mwanamkuu alifungua pindo la kanga akautoa dirishani. Askari aliupokea, akausogeza puani, akamtazama Bi Mwanamkuu, akaunusa tena. Midomo yake ilitetemeka. Alijitahidi kwa ajili ya sare aliyovaa, lakini kicheko kilimshinda. Akamrudishia ufunguo.

“Injini ikiwaka tu, nalikamata,” alisema.

Kisha akageuka, akatangulia mbele ya matarumbeta, akaanza kupuliza filimbi na kupunga mikono kuyasimamisha magari kila upande. Hapakuwa na gari hata moja. Aliyasimamisha yote mpaka mwisho wa lindo lake.

Walipopita Ilala, mabega yalikuwa yamechoka na matarumbeta yamebakiwa na pumzi ya wimbo mmoja tu, wakawa wanaurudia huohuo. Mrisho alikuwa na shingo iliyolowa. Alitaka kutoka naye akasukume, lakini usukani haukuwa na mtu mwingine. Kwenye kioo aliuona uso wa Filbert, mwekundu kwa vumbi, amekenua meno, hajabadilishana na mtu tangu Kariakoo. Hasira yote ilikuwa imemtoka Mrisho, hajui wakati gani.

“Mjomba,” Siwema aliuliza, “umechukia?”

“Hapana, mwanangu.” Akafikiri. “Nina furaha mpaka naona haya.”

Mbele yao barabara ililala kidogo kuelekea Buguruni. Si mteremko wa kutajwa. Ukiwa na injini huwezi hata kuujua. Lakini Pijo liliujua. Mrisho alihisi viganja vikipungua uzito mgongoni mwa gari, kisha vikiachia kimoja kimoja, kisha hakuna. Gari lilikuwa linakwenda. Nyuma watu walipiga kelele, wakaanza kukimbia, kanga zikipepea, tarumbeta moja ikilia ovyo mikononi mwa mtu anayekimbia. Filbert alikuwa mbele ya wote, akicheka, mkono ameunyoosha bila kulifikia bati.

Mguu wa Mrisho ulisogea wenyewe kwenye breki, kwa mazoea ya miaka.

“Usikanyage, Mjomba,” alisema Siwema. Alikuwa ameteremsha kioo chote, ameifunua tena kanga, na mkono wake ulikuwa nje ukiwapungia watu wa barazani. “Liache.”

Mrisho akauondoa mguu, akauweka kando.